Kwa Nini Picha Inayopendeza kwenye Kioo cha Kamera Hubadilika Ifikapo kwenye Kompyuta

Mkazi wa Kata ya Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, anayehitaji picha ndogo ya kuambatisha kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ajira au pasipoti, kwa kawaida huonyeshwa picha hiyo papo hapo. Mpiga picha hugeuza kamera, mteja hutazama kioo kilicho nyuma yake, huridhika na kulipa. Saa chache baadaye picha hiyohiyo hufunguliwa kwenye kompyuta ili ipandishwe kwenye mfumo wa maombi. Uso uliokuwa ukionekana vizuri umezama gizani, ukuta uliokuwa mweupe umekuwa wa kijivu, na shati la bluu limeelekea kwenye zambarau. Mteja humtuhumu mpiga picha kuwa amembadilishia picha, naye mpiga picha huilaumu kompyuta. Wakati huo siku ya mwisho ya kupokea maombi inakaribia, na picha isiyomtambulisha mwombaji ipasavyo inaweza kumrudisha mwanzo.

Katika ubishi wa namna hii, mara nyingi hakuna aliyebadilisha chochote. Faili lililo kwenye memori kadi ni lilelile lililofunguliwa kwenye kompyuta. Kilichobadilika ni kifaa kinacholitafsiri faili hilo, mwanga unaokizunguka kifaa na jicho la anayetazama.

Kiswahili huita rangi nyingi kwa majina ya vitu. Kijani imetokana na jani, kijivu na majivu, zambarau na tunda lake, kahawia na kahawa. Anayesikia neno kijivu huona jivu la jikoni, na hakosei sana. Kompyuta haina jivu wala jani la kulinganisha. Inachokijua ni namba tatu kwa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha bluu, kila kimoja kikipimwa kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Namba 255, 0 na 0 ni agizo kwa skrini kwamba iwashe nyekundu yote iliyo nayo na kuzima nyingine. Agizo hilo halisemi nyekundu hiyo ni ya namna gani. Skrini ya simu ya bei ghali ina nyekundu yake, kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini kwa miaka kumi ina yake, na kioo kidogo cha kamera kina yake. Zote tatu hutii agizo moja na kutoa rangi tatu tofauti.

Mfano ulio karibu na kila Mtanzania ni Bendera ya Taifa. Mistari yake miwili myembamba, inayowakilisha madini, ni ya rangi ya dhahabu, lakini hakuna skrini yenye namba ya dhahabu. Dhahabu halisi huonekana hivyo kwa sababu inarudisha nuru kwa mng'ao unaobadilika kila inapogeuzwa, jambo ambalo namba tatu zisizobadilika haziwezi kulifanya. Mtengenezaji wa bango hulazimika kuchagua aina fulani ya njano iliyokolea, na kila skrini inaionyesha njano hiyo kwa namna yake. Hii ndiyo sababu bendera zinazochapishwa kwenye mabango ya sherehe mbalimbali hazifanani, hata pale ambapo wachapaji wote walipokea faili moja.

Chanzo cha kwanza cha tofauti kati ya kamera na kompyuta ni mwangaza. Ukali wa nuru inayotoka kwenye skrini hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba. Skrini nyingi za ofisini hutoa kati ya 200 na 300. Simu za kisasa hufikia 500, na nyingine huvuka 1,000 zinapotumika juani. Karatasi nyeupe iliyowekwa kwenye jua kali la mchana hurudisha takriban 30,000. Mpiga picha aliyesimama nje, katika uwanda wa juu wa Ufipa ambako hewa ni nyepesi na anga huwa safi kwa miezi mingi ya kiangazi, hutazama kioo kilichozidiwa kabisa na nuru ya mazingira. Ili aone kitu, huongeza mng'ao wa kioo hadi mwisho, au kamera yenyewe humwongezea. Picha iliyopigwa kwa mwanga hafifu inaonekana sawa kwa sababu kioo kimeibeba. Ikifika kwenye kompyuta ndani ya chumba, hakuna tena wa kuibeba.

Kinyume chake pia hutokea. Picha zinazopigwa usiku, kwa mfano kwenye harusi, hutazamwa kwenye kioo kinachong'aa katikati ya giza. Jicho lililozoea giza hukiona kioo hicho kikiwa na nuru nyingi, hivyo mpiga picha hudhani ameingiza mwanga mwingi kupita kiasi na kuupunguza. Asubuhi hukuta picha zote ni nyeusi. Hapa kosa ni la jicho, na hakuna kamera ya gharama yoyote inayoweza kumkinga mtu anayeamini jicho lake peke yake.

Chanzo cha pili ni udogo wa kioo, na hiki hudanganya kwa upole zaidi. Kamera ya kawaida ya wapiga picha wa studio leo hutoa picha ya pikseli milioni 24, yaani 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Kioo chake, kwa kamera nyingi, kina pikseli zipatazo 720 kwa 480, ambazo ni chini ya 350,000. Maana yake ni kwamba karibu pikseli 70 za picha hubanwa na kuwa moja. Ubanaji huo huficha mtikisiko wa mkono, macho yasiyolengwa vizuri na chengachenga zinazojitokeza picha inapopigwa kwenye mwanga mdogo. Kila picha ndogo huonekana kali. Ndiyo maana wapiga picha wenye uzoefu hubonyeza kitufe cha kukuza na kukagua macho ya mhusika kabla ya kumruhusu aondoke, na mteja naye ana haki ya kuomba hilo lifanyike mbele yake.

Sababu ya tatu huwasumbua zaidi wanaofanya kazi ya habari, wakiwemo maafisa habari wa mikoa na halmashauri. Kamera zao zinaweza kuhifadhi picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni JPEG, ambayo kamera imekwisha kuipika: imeongeza rangi, imekoleza vivuli na kunoa kingo. Ya pili ni faili ghafi, linalobeba vipimo vya mwanga kama vilivyopokelewa na kihisi kilicho nyuma ya lenzi. Kihisi hicho hakioni rangi. Kila chembe yake hupima wingi wa nuru tu, na juu yake kumetandazwa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni vya kijani, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua maelezo madogo zaidi katika eneo hilo la nuru. Rangi kamili hupatikana baadaye kwa hesabu.

Hesabu hiyo ina njia nyingi za kuifanya. Mtu anapopiga faili ghafi na kulitazama kwenye kamera, anachokiona ni nakala ndogo ya JPEG ambayo kamera imeipika na kuipachika ndani ya faili kwa ajili ya kuonyeshwa. Anapolifungua kwenye kompyuta, programu kama Lightroom huweza kuonyesha nakala ile kwa sekunde moja au mbili, kisha kuiondoa na kufanya hesabu yake yenyewe. Picha hubadilika mbele ya macho: rangi hufifia, vivuli hulegea. Wengi hudhani kompyuta imeharibu picha. Kwa kweli unga ni uleule, ila mpishi wa pili ana chumvi kidogo kuliko wa kwanza.

Ipo pia mikataba ya rangi. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza kipimo cha pamoja kiitwacho sRGB, ambacho mpaka leo ndicho lugha ya kawaida ya kompyuta na intaneti. Mwaka 1998 ikaja Adobe RGB, yenye eneo pana zaidi hasa upande wa kijani. Kamera nyingi humruhusu mtumiaji kuchagua mojawapo, na wapo wanaochagua ya pili kwa kuamini kwamba upana ni ubora. Faili la Adobe RGB likifunguliwa na programu isiyojua kusoma mkataba huo, namba zake hutafsiriwa kama za sRGB na picha hupauka. Mahindi yaliyostawi ya Ufipa huonekana kama yamekosa mvua wiki tatu. Kwenye kamera za Canon, Nikon na nyingine nyingi kuna alama inayosaidia kulitambua tatizo hili: jina la faili la Adobe RGB huanza na mstari wa chini, kama _MG_ au _DSC. Picha inayokwenda kwenye tovuti, mitandao ya kijamii au mfumo wa maombi inafaa kuwa katika sRGB.

Hata baada ya mkataba kufahamika, skrini yenyewe inaweza kukosa uwezo. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu huonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Baadhi hutumia paneli ambazo mtu akiinuka kitini au kusogea pembeni, nyeupe hugeuka njano na nyeusi hugeuka kijivu, kiasi kwamba maofisa wawili wanaotazama skrini moja wakiwa wamekaa bega kwa bega wanaweza kutofautiana kuhusu picha moja na wote wakawa wakweli. Simu nyingi zina tabia ya upande wa pili. Zimetengenezwa ziuzike dukani, hivyo hukoleza rangi kupita hali halisi. Anayepiga picha na kuitazama kwa simu tu huzoea uongo mtamu.

Suala la nyeupe linahitaji maelezo zaidi, na Ufipa ina mfano wake wa kale. Kabla ya chuma cha viwandani kuenea, mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zinazojulikana kama malungu. Kitu kinapopashwa moto huanza kung'aa kwa wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano, na joto likizidi hukaribia weupe. Wanasayansi hutumia kanuni hiyohiyo kutaja rangi ya mwanga kwa kipimo cha Kelvin. Balbu ya njano ya nyumbani ina takriban 2,700, jua la mchana 5,500, na kivuli chini ya anga la bluu huvuka 7,000. Skrini za kompyuta zimekusudiwa kuwa na nyeupe ya 6,500, ingawa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ubluu zaidi ya hapo.

Jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe. Shati jeupe huendelea kuitwa jeupe ndani ya nyumba yenye balbu na nje kwenye kivuli cha mwembe. Kamera hukisia tu, na ikikosea shati huwa na umanjano au ubluu. Kosa hilo halionekani kwa urahisi kwenye kioo cha kamera kilichoshikwa ndani ya chumba kilekile chenye balbu ileile, kwa sababu jicho limekwisha kuizoea hali hiyo. Huonekana picha inapohamia ofisi nyingine yenye taa nyeupe. Kompyuta na simu za siku hizi nazo huongeza mkanganyiko kwa kujigeuza njano ifikapo jioni ili kupunguza nuru ya bluu. Kipengele hicho kinafaa kuzimwa kabla ya kazi yoyote ya picha.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, jambo hili lina historia isiyopendeza. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, ili wafanyakazi walinganishe rangi za mashine zao. Mashine ikimtoa yeye vizuri, ilihesabika imesawazishwa. Sura nyeusi zilitoka bila maelezo ya uso, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilianza kutolewa miaka ya 1990. Kampuni za simu zimelishughulikia suala hilo karibuni zaidi. Google ilianza kutangaza teknolojia yake ya kuonyesha ngozi za rangi zote kwa uhalisia mwaka 2021.

Lakini sehemu kubwa ya tatizo katika picha ndogo za maombi inatokana na kipimo cha mwanga. Kamera hudhani kwamba eneo linalopigwa hurudisha takriban asilimia 18 ya nuru. Ukuta mweupe au kitambaa chepesi nyuma ya mteja hurudisha mara kadhaa zaidi. Kamera huhisi mwanga ni mwingi na kuupunguza, ukuta hugeuka kijivu na uso mweusi huzidi kuzama. Mpiga picha anayejua kazi yake huongeza kiasi cha mwanga kwa hatua moja au zaidi, au huelekeza kipimo kwenye uso. Sumbawanga iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, hivyo adhuhuri ya katikati ya Oktoba na ya mwishoni mwa Februari jua hupita karibu kabisa juu ya utosi na kutia kivuli kwenye macho. Mahali pazuri ni kivulini, mteja akitazama upande ulio wazi.

Badala ya kutegemea mng'ao wa kioo, kamera nyingi zina mchoro mdogo uitwao histogramu unaoonyesha mgawanyo wa giza na nuru katika picha. Mchoro huo hukokotolewa kutoka kwenye namba, kwa hiyo hauathiriwi na jua wala giza. Mlima wake ukijazana upande wa kushoto, picha ni nyeusi hata kama kioo kinasema vinginevyo.

Kwa upande wa kompyuta, ofisi zinazochapisha picha rasmi zinaweza kutumia kifaa maalumu kinachowekwa juu ya skrini na kupima rangi zake, kisha kuandika faili la marekebisho. Pasipokuwa na kifaa hicho, ni msaada mkubwa kupunguza mng'ao wa skrini hadi nyeupe yake ilingane na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Mwangaza wa takriban kandela 120 ndio unaotumiwa na wengi wanaoandaa picha za kuchapishwa. Karatasi haitoi nuru yake yenyewe, hivyo picha iliyorekebishwa kwenye skrini kali hutoka kwenye printa ikiwa nyeusi, na wino wa printa kwa kawaida hauwezi kufikia bluu na kijani kali za skrini.

Tofauti hizi zina gharama kubwa zaidi shambani kuliko studio. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na wakulima wengi sasa humtumia afisa ugani picha ya jani kwa WhatsApp kabla hajafika. Utambuzi wa upungufu wa virutubisho hutegemea rangi kwa kiasi kikubwa. Mahindi yaliyokosa naitrojeni huanza kuwa njano kwenye majani ya chini, njano hiyo ikianzia nchani na kufuata mshipa wa katikati kwa umbo la V. Yaliyokosa fosforasi huwa na zambarau, hasa mimea ikiwa michanga na baridi ikizuia mizizi kufyonza. Zambarau ni mchanganyiko wa nyekundu na bluu. Picha ikipigwa kivulini chini ya anga la bluu, kamera ikakisia vibaya, kisha WhatsApp ikalibana faili na simu ya mpokeaji ikakoleza rangi, zambarau inaweza kuongezwa pasipokuwepo au kupotea ilipokuwa. Ushauri utakaotolewa ni tofauti: UREA hubeba naitrojeni peke yake, DAP hubeba fosforasi kwa wingi. Mkulima aliyenunua isiyostahili, hata kwa bei ya ruzuku, amepoteza fedha na siku ambazo msimu hautamrudishia.

Upo utaratibu unaopunguza hatari hiyo. Jani lipigwe picha likiwa juu ya karatasi nyeupe, karatasi ionekane ndani ya picha, na kando yake liwepo jani lenye afya kutoka shamba hilohilo. Afisa ugani akiona karatasi ina ubluu, atajua kwamba ubluu uleule umeingia kwenye jani. Atakuwa na kitu cha kulinganisha badala ya kuikisia rangi. Ipigwe pia picha ya mmea mzima, kwa kuwa mahali ulipoanzia unjano, majani ya chini au ya juu, hapabadilishwi na skrini yoyote. Kwenye WhatsApp, faili litumwe kama hati badala ya picha ili lisibanwe. Pale ambapo uamuzi unahusu mbolea ya shamba zima, jani lenyewe lifungwe kwenye karatasi kavu na kupelekwa kwa afisa ugani wa kata siku hiyohiyo kabla halijanyauka.